Tupeane uzoefu: uliwezaje kukaa kwenye meza ya muziki wa asili wa Ayalandi?

Mzawa_Makorora

Wakuu salaam. Humu najua tupo tuliotawanyika Galway, Dublin, London, Boston na kwingine, na baadhi yetu tuna vyombo vya muziki ndani. Naomba tukusanye visa vya waliowahi kukaa na kupiga kwenye sesheni za Wairishi, siyo kusikiliza tu. Uliingiaje, walikupokeaje, na kwao na ughaibuni kuna tofauti gani.

Kwa asiyejua, hii siyo bendi wala shoo. Ni watu wamezunguka meza kwenye kona ya baa, hakuna jukwaa, mara nyingi hakuna spika, na wengine wamewapa wateja mgongo. Mmoja anaanzisha tuni, wanaoijua wanaingia, wasioijua wanatulia. Tuni nyingi zina sehemu mbili, kila sehemu inarudiwa, na mzunguko mzima hauchukui hata dakika. Wanazunguka mara tatu hivi, kisha bila kusimama wanarukia tuni nyingine, na nyingine tena. Wakimaliza wanapiga soga mpaka unaweza kudhani wamefunga kazi, halafu mtu anaanza upya.

Mimi niko Galway, nilikuja kwa masomo. Filimbi ya bati nilijifunzia chumbani, ile ya matundu sita, na jirani yangu Mungu ambariki. Nikawa naenda baa moja Jumapili jioni, nakaa stuli iliyo karibu na kona, siyo ya kwenye kona. Hilo la viti lizingatieni. Stuli za kona zina wenyewe hata zikiwa tupu, maana baa nyingi huwalipa wapigaji wawili watatu waje kuishikilia sesheni, na wengine wote ni wageni wao. Jioni moja mzee wa filimbi ya mbao akaona ncha ya filimbi inachungulia mfukoni mwa koti langu. Hakuuliza jina. Akasema, una tuni? Nikamjibu ninayo jigi moja, aina ya tuni ya dansi. Akasogeza glasi yake pembeni, nikapata pa kuweka kiwiko.

Nilianza taratibu kuliko wanavyopiga wao na hakuna aliyenikimbiza, kwa sababu aliyeanzisha ndiye mwenye mwendo. Mzunguko wa kwanza nilikuwa peke yangu. Wa pili fidla mbili zikaingia kwa chini. Wa tatu meza nzima, nikasikia mbao zinatetemeka hadi kwenye goti. Kisha mtu akapiga kelele "hup!", wakahamia tuni nisiyoijua, nikaweka filimbi mapajani. "Kwenu ni wapi" ilikuja baadaye kabisa, na kabla yake waliuliza: hiyo umeitoa kwa nani? Wanajali mno tuni imepita mikono gani.

Karibuni.

Fidla_ya_Vuga

Assalaam alaykum jamani. Mtu wa Unguja mie, niko London siku nyingi. Fidla nimejifunza kwenye taarab, kwa hivyo kukaa kundini si jambo geni kwangu. Lakini sisi kilabuni nota ziko mbele yako, pinde zote zinapanda pamoja zinashuka pamoja, na mwimbaji ndiye mwenye shughuli. Huku karatasi haionekani mezani. Fidla tano zinapiga lahani moja na kila upinde unakwenda njia yake. Mwanzo yakinikera, nikiona kama watu hawakufanya mazoezi. Baadaye nikafahamu kuwa mwenye sikio hutambua mtu katoka wilaya gani kwa upinde wake tu. Wa Donegal anakata upinde mfupi mfupi, wa Clare mashariki anakwenda polepole kwa huzuni, wa Sligo anarukaruka.

Mapambo yao ndiyo yaliyonishika. Sauti moja wanaizungusha: ile yenyewe, ya juu yake, yenyewe, ya chini yake, yenyewe, na yote hayo kwa muda wa kupepesa jicho. Na kuna kitu kilichonifanya nicheke peke yangu. Wapigaji wa kizamani, hasa wa zumari la kiwiko (zumari la mfuko, upepo unasukumwa kwa kiwiko), wana C ambayo si hii ya piano wala si ile ya nusu juu. Imekaa katikati. Wenzangu waliosoma kizungu wanadhani chombo kimelegea. Mie nilikuwa nishazoea sauti hizo kwenye rasti na bayati, maqamu zetu za taarab, nikaipiga hapo hapo ilipo. Mzee wa zumari akanitazama, asiseme kitu, akaanzisha nyingine yenye C hiyo hiyo. Tukaendelea hivyo mpaka taa zikawashwa.

Kuhusu kwao na ughaibuni, hapa pana kichekesho. Watalii wanaambiwa sesheni ya baa ni mila ya kale. Kumbe muziki huu kule vijijini ulikuwa wa jikoni, njia panda na nyumba za ngoma. Mwaka 1935 ikatoka sheria ya kumbi za dansi, ikataka leseni, na mapadri na polisi wakaitumia kuzima hata dansi za majumbani. Baada ya vita kuu ya pili vijana wakajazana London kwenye ujenzi, wakipanga vyumba ambavyo huwezi kupiga fidla usiku mwenye nyumba asikufukuze. Wakaenda baa za Kentish Town, Camden na Holloway. Huko ndiko wa Kerry alikokaa meza moja na wa Sligo, maana kwao hawakuwa wakikutana. Halafu desturi ikarudi nyumbani na wanaorudi. Kwa hivyo mtu akikwambia sesheni ya London ni ya kuiga, mwache aseme.

Bin_Seif

Niko Muscat, napiga filimbi kidogo. Swali moja tu: mimi pombe sinywi na baa sipendi kukaa. Ndiyo nimekwama?

Fidla_ya_Vuga

Hujakwama, sheikh. Mie maji ya gesi na kipande cha ndimu, na sijaulizwa hata siku moja. Wapo Wairishi wengi mezani wanaokunywa chai. Na kama baa yenyewe ndiyo tatizo, tafuta tawi la Comhaltas, chama chao cha muziki kilichoanzishwa 1951. Kina matawi Uingereza, Marekani na kwingine, na sesheni nyingi za matawi hufanyika kwenye kumbi, watoto na mabibi wamo.

Kamwana_Kangema

Kutoka Lowell, Massachusetts. Wakenya tumejaa hapa kama mnavyojua. Mimi guka wangu, yaani babu, alikuwa mpiga mwomboko, ngoma ya Wakikuyu, huko Murang'a, akodiani ya vitufe kifuani na mwenzake wa karing'aring'a, ile pete ya chuma ya kugonga, kando. Akodiani ile ikaja kwangu, ikakaa kabatini miaka.

Mfanyakazi mwenzangu akanipeleka Davis Square, Somerville, tukasikilize. Nilipomwona mama mmoja na akodiani ya vitufe nilisimama tu. Mkono ni ule ule: ukivuta kitufe kinatoa sauti moja, ukisukuma kinatoa nyingine, kwa hivyo pumzi ya chombo ndiyo inakupa mtindo. Ila yao ya kawaida siku hizi ina safu mbili, B na C, zimepishana nusu sauti, na vidole vinavuka kutoka safu moja hadi nyingine kama mtu anayeruka mitaro. Ya guka ilikuwa na safu moja. Mama akanielekeza kwa rekodi za zamani za Boston, za Joe Derrane, kijana wa hapa hapa aliyerekodi mwishoni mwa miaka ya 1940 na kupiga kwenye kumbi za dansi za Dudley Street. Nilizisikiliza kwenye gari hadi mke wangu akaweka sheria: akiwa ndani, injili tu.

Sasa nina ya safu mbili, ya mkono wa pili. Nimekaa nao mezani. Wamarekani ni wakarimu kuliko mnavyosimulia huko Ulaya, wana hata sesheni za mwendo wa pole kwa wanaoanza, karatasi zinaruhusiwa. Lakini nitasema ukweli: wengine wao ni wakali wa kanuni kuliko Wairishi wenyewe. Kuna mzee mmoja, hajawahi kufika Ayalandi, anakusahihisha tuni kwa kutaja ukurasa. Wanavienzi vitabu vya Francis O'Neill, yule mkuu wa polisi wa Chicago mzaliwa wa Cork, aliyechapisha mkusanyiko wa tuni 1,850 mwaka 1903. Mkuu wa polisi! Nikamwambia mjomba, akauliza wezi walikuwa wanashikwa na nani.

Siku moja walipochoka wakaniomba kitu cha kwetu. Nikawapiga mwomboko. Kufikia mzunguko wa pili benjo na fidla walikuwa wameushika wote. Sijui walisikia nini humo, lakini hakuna aliyeuliza ni mtindo gani.

Mama_wa_Ennis

Mimi sipigi chochote jamani, ila naona nina haki ya kuchangia. Ni muuguzi, tuko Clare. Binti yangu alipewa filimbi ya bati shuleni kama watoto wote, haifiki hata bei ya pizza mbili. Mwalimu akasema ana sikio, akahamia konsatina, kile chombo kidogo cha kuvuta na kusukuma kama akodiani, ambayo Clare ndiyo chombo chao haswa, na zamani ilikuwa ya akina mama. Bei ya konsatina nzuri sitaitaja, nisije nikalia tena.

Kinachonishangaza ni jinsi watoto wanavyofundishwa. Mwalimu anapiga kipande, mtoto anarudisha, kipande kingine, anarudisha, nota hazionekani mpaka tuni imeshaingia. Nilisoma hivyo hivyo madrasa Kigoma. Kisha mashindano: Fleadh ya kaunti, ukishika nafasi ya kwanza au ya pili unaenda ya mkoa, kisha ya Ayalandi nzima mwezi wa Agosti. Mwanangu kwenye kaunti akaambulia ya tatu. Njiani kurudi kimya. Tulipofika katikati ya mji tukakuta mtaa umejaa watu wanapiga kwenye milango ya maduka, akashuka kwenye gari, akakaa kwenye ngazi za benki na watoto aliotoka kushindana nao, wakapiga mpaka saa nne usiku. Mimi nimesimama na koti lake na mkate.

Anayetaka kuuona muziki huu kwa ukaribu aje Miltown Malbay mwezi wa Julai, wiki ya shule ya muziki yenye jina la Willie Clancy, mpiga zumari la kiwiko wa huko. Ipo tangu 1973. Asubuhi madarasa, usiku kila baa ina sesheni, na nyingine ziko kwenye majiko ya watu. Malazi tafuta mapema.

Mpiga_Chapuo

Mombasa, sasa Cork. Nilikulia kwenye chakacha, kwa hivyo nilipoisikia jigi mara ya kwanza mguu ulishaanza kabla ya kichwa. Sita kwa nane ile ile, inagawanyika mbili ukitaka, tatu ukitaka. Nikajua hapa nina pangu.

Ngoma yao ni bodhrán: fremu ya duara, ngozi ya mbuzi upande mmoja, unaishika kwa wima kwenye paja. Kulia una kijiti kifupi kinachopiga kwa ncha zote mbili, kushoto mkono uko ndani, nyuma ya ngozi, unaibana na kuiachia ili sauti ipande na kushuka. Huo mkono wa nyuma ndio wenye kazi. Kijiti utakijua kwa wiki, mkono ule sijaumaliza.

Jueni kwamba wapiga bodhrán ndio wanaotaniwa kuliko wote, na kanuni ni moja kwa meza. Ukimkuta mwenzio anapiga, yako inabaki mfukoni mpaka akupishe. Mimi nilikaa usiku mzima, karibu na kufunga ndipo dada mwenye ngoma akanipa yake aende kuvuta sigara. Nikaingia na jigi, nikaweka mikato ya chakacha katikati. Walitabasamu. Kisha mzee wa fidla akaniinamia, akaniambia kwa upole: nifuate mimi, tuni haikufuati wewe. Kwetu ngoma ikibadilika, mchezaji anabadilika. Hapa fidla ndiyo inayosema na ngoma inaitikia. Imenilazimu nizijue tuni kama mpiga fidla, niziimbe kichwani, ndipo nijue pa kuweka uzito. Mikato yangu bado ipo, ila sasa inakuja mwisho wa sehemu ya pili tu, pale inapopumua.

Dereva_D7

Mtakaopita Dublin, msidanganyike na baa za katikati zenye maikrofoni na mtu mmoja na gita anaimba nyimbo zilezile kwa watalii. Nimewahi kuombwa nihamishe fidla yangu kwenye kiti ili wakae wanaosherehekea harusi. Nendeni Smithfield, baa ya Cobblestone. Mwaka 2021 palitakiwa kujengwa hoteli juu yake na nyuma yake, watu wakaandamana na vyombo vyao barabarani, na manispaa ikakataa kibali mwaka huohuo. Na mtu akianza kuimba bila chombo, nyamaza kabisa, hata kama ulikuwa unalipia kinywaji.

Bin_Seif

Ahsanteni sana. Mzawa, nianze na tuni zipi? Nisije nikafika huko sina hata ya kujibu.

Mzawa_Makorora

Anza na The Kesh, jigi ya G inayojulikana kila meza niliyofika. Kisha polka mbili tatu za Kerry, ni fupi, na rili acha kwa baadaye maana ndizo zinazokimbia. Isikilize tuni moja kwa wapigaji tofauti kabla hujaigusa filimbi, halafu nunua filimbi ya D, siyo C, wengine wote wako kwenye D na G. Mtandaoni upo ukurasa wa thesession.org, tuni zipo kwa maelfu na watu wameweka sesheni za miji yao, tazama kama Ghuba kuna mtu. Ukipata jibu turudishie hapa.

Mama wa Ennis, konsatina ya mkono wa pili inapatikana wapi? Nauliza kwa rafiki.