Tunaenda kwa mama mkubwa Mji wa Kale Mombasa na watoto, tulale kwake ama hoteli?

Mwana_wa_Nakuru

Habari zenu wadau. Mwezi wa nane shule zikifunga nataka kupeleka familia Mombasa, mimi, mke wangu na watoto watatu, mkubwa ana miaka 11 na mdogo miwili. Marehemu mama alizaliwa Mji wa Kale akaolewa huku Nakuru, na dada yake mkubwa bado anaishi Kibokoni kwenye nyumba ileile ya babu. Tangu tumzike mama hatujawahi kwenda kama familia, watoto wanamjua huyo bibi yao kwa simu tu, na kila akipiga lazima aulize mtaniletea lini wajukuu nami niko hai, hilo neno linaniuma sana.

Sasa shida ni hii. Nyumba ina ghorofa lakini vyumba ni vidogo na kuna binamu zangu wawili wanaishi hapo na watoto wao. Mke wangu anaona tuchukue hoteli Nyali tuwe tunaenda kumwona mchana, tusimpe mzee kazi. Mama mkubwa naye hataki kusikia habari za hoteli, amesema chumba cha juu ameshakitoa vitu vyote. Nikilala hoteli nitakuwa nimemkosea? Alafu zawadi watu hubeba nini kutoka bara, na treni inafaa na mtoto mdogo ama basi? Nisaidieni jamani.

Binti_Kibokoni

Kaka karibu nyumbani. Mimi nitakwambia wazi kama dadako, siku za mwanzo laleni kwake. Akishasema chumba amekitoa vitu ujue mtaa mzima umeshaambiwa kwamba watoto wa marehemu dadake wanakuja, wale wa kwenye baraza wote wanajua, sasa ukishuka ukapitiliza Nyali majirani watamuuliza wageni wako wapi na hatakuwa na la kujibu. Laleni siku mbili tatu, alafu mwambie mapema kabisa kwamba watoto wanataka bahari, mtaenda Nyali ama Bamburi kisha mrudi kuaga. Hapo hakuna atakayenuna.

Hiyo kazi mkeo anayoogopa kumpa mzee dawa yake ni kuifanya pamoja. Asikae sebuleni kama mgeni, asubuhi aingie jikoni hata kama hajui kupika vya kwetu, apewe mbuzi akune nazi ya mbaazi wakati mahamri yanachomwa, maana mambo yote ya familia huongelewa hapo, nani kaolewa wapi, nani hasemi na nani, marehemu mamako alikuwa mtoto wa aina gani. Akitoka jikoni siku ya kwanza ameshakuwa mtu wa nyumba.

Kitu ambacho wageni hawakifikirii ni maji. Huku mfereji hautoki kila siku, nyumba nyingi za zamani zina kisima lakini maji yake ni ya chumvi, ya kuogea na kufulia tu, ya kunywa na kupikia yananunuliwa kwa mitungi, vijana wanaleta kwa mkokoteni. Watu watano wakiongezeka mitungi inaisha haraka sana. Mwenye mkokoteni akifika mlangoni wewe ndio ushuke umlipe, usingoje kuombwa maana hawatakuomba kamwe.

Watoto wafundishe shikamoo na kubusu mkono wa mzee, viatu ni mlangoni. Mkeo abebe leso za kujitanda akitoka nje.

abiria_wa_kila_wakati

Kuhusu usafiri chukua treni, na mtoto wa miaka miwili basi ni mateso, usiku mzima amebanwa kwenye miguu yako. Ila chagua vizuri saa. Ile ya saa nne usiku inakushusha Miritini, ndio stesheni ya Mombasa, kabla ya alfajiri, utaanza kugonga mlango wa mzee saa hizo na watoto wamelala mabegani, haifai. Ya saa mbili asubuhi ni nzuri lakini kutoka Nakuru itabidi mlale Nairobi. Mimi ningechukua ya saa tisa mchana, mnatoka Nakuru asubuhi na matatu, mnafika stesheni kuu pale Nairobi mjini mnaingia treni ndogo inayowapeleka Syokimau inakoondokea ya Mombasa, usiku wa saa mbili na kitu mko Mombasa.

Nauli daraja la kawaida imekuwa 1,500 tangu mwanzo wa 2024, watoto wa miaka 3 mpaka 11 nusu, huyo mdogo bure. Tiketi piga *639# ulipe na M-Pesa, na usingoje wiki ya kufunga shule maana zinaisha zote. Fika mapema kuna ukaguzi wa mizigo na mbwa, foleni ni ndefu, kisu cha kumenyea matunda acha nyumbani watakunyang'anya. Miritini sio mjini, kuna matatu na tuktuk lakini usiku na watoto afadhali binamu mmoja aje kuwachukua.

mke_wa_pwani

Naomba nimtetee mkeo kidogo. Mimi ni Mkisii nimeolewa Mombasa, najua anachoogopa, ni kulala kwenye nyumba ya watu asiowajua na mtoto mdogo anayelia usiku na kila mtu anasikia. Sio kiburi. Nakubaliana na dada hapo juu mlale kwa mzee mwanzo, lakini hiyo habari ya kwenda Nyali baadaye umwambie wewe mwenyewe, kwa mdomo wako, tena kwa simu kabla hamjatoka Nakuru. Ukinyamaza mpaka mfike alafu mkeo ndio aonekane anapanga mabegi, lawama zote zitamwangukia yeye na zitakaa miaka.

Mwezi wa nane mmechagua vizuri, ni kipindi cha kusi, upepo wa kutoka kusini, kuna ubaridi na usiku unalalika, sio kama mwezi wa pili na wa tatu ambapo hata feni inapuliza moto. Bahari ndio inachafuka kidogo na mwani unajaa ufukweni lakini watoto hawajali.

Zawadi beba viazi na minji ya huko kwenu, hata karoti. Vitu vya bara huku bei iko juu na kwenye nyumba ya watu wengi vinaliwa vyote. Gunia zima litakusumbua kwenye treni, gawanya kwenye mifuko miwili. Pesa mpe mzee siku ya kuaga, mkononi, mkiwa wawili tu. Usimpe mbele ya binamu.

Mzee_wa_Bandarini

Mwanangu, wenzangu wamesema mengi ya maana, mimi naongeza moja. Usipange ratiba ya kutembea ukamwacha mama yako mkubwa nyumbani. Kama miguu yake inaweza, yeye ndiye awatembeze, hata kama ni mtaa mmoja tu kwa siku. Atasimama kila mlango aseme hawa ni watoto wa fulani, na mtu atatoka ndani aseme mamako nilicheza naye hapa. Hivyo hutavipata kwa mtembezaji wa watalii. Muombe pia akuonyeshe kaburi la babu na bibi, watoto wasome dua pale.

Ngome ya Yesu iko karibu mno na Kibokoni, mnaenda kwa miguu, beba kitambulisho kwa sababu mwenyeji analipa kidogo kuliko mgeni. Mreno alianza kuijenga 1593, na huyo mkubwa wa miaka 11 mwambie habari ya kuzingirwa na Waomani kuanzia 1696 mpaka 1698, watu walikaa ndani karibu miaka mitatu wakifa kwa maradhi na njaa. Meli ya Kireno iliyokuja kuwaokoa ilizama hapohapo mbele ya ngome 1697, wapiga mbizi wakaja kuitoa vitu miaka ya sabini, vingine viko kwenye makumbusho humo ndani. Jioni wapeleke Lighthouse, pale watu wanapopunga upepo kando ya bahari, wale mihogo ya kukaanga ya pilipili na ndimu, watazame meli zikiingia Kilindini.

Mwana_wa_Nakuru

Ahsanteni sana, mmenipa mwanga. Nimemsomea mke wangu yote, ya mke_wa_pwani amesoma mwenyewe tena mara ya pili, amekubali tulale Kibokoni kwanza. Nimempigia mama mkubwa leo jioni nikamwambia siku za mwisho tutawapeleka watoto Nyali, akanyamaza kidogo alafu akauliza kama na yeye tutamchukua. Nimemwambia twende wote. Kuna binamu mwingine Ukunda, huko itabidi tupite feri?

Binti_Kibokoni

Alhamdulillah, hapo mmefanya jambo. Ukunda kutoka mjini feri ya Likoni ndio karibu, kwa miguu ni bure na ng'ambo kuna matatu mpaka Ukunda, mshike watoto mikono wakati wa kushuka maana watu husukumana. Mkiwa na gari siku hizi kuna barabara ya Dongo Kundu, inatokea Miritini mpaka kusini bila kugusa feri. Kama mzee anaenda pia tafuteni gari, foleni ya feri ataichoka. Na hiyo siku ya Nyali muulize binamu saa za maji kujaa na kupwa kabla hamjatoka, yakipwa yanaenda mbali watoto watabaki kutembea kwenye mchanga.