Paa limepauka, boneti inabanduka: nipige polishi au nipulize rangi upya?

Kigamboni110
Habari wakuu. Gari ni Corolla 110 ya 1998, nyekundu, inalala nje mwaka mzima. Milango na fenda bado zina uhai. Paa limepauka hadi kuwa la waridi, na ukipitisha kidole kinatoka na unga mwekundu. Boneti haina unga kabisa, ila ina mabaka meupe na pembeni inabanduka kama ngozi ya nyoka. Fundi wa kwanza kasema gari zima lipigwe polishi tu. Wa pili kasema gari zima lipulizwe. Nataka kujua kipi kinaokoka, kipi ndiyo basi, na vifaa kiasi gani. Mashine ya kupolishi ya mzunguko nimepata ya kuazima.

MsasaWaMaji
Mkuu, una magonjwa mawili kwenye gari moja, ndiyo maana umeandikiwa dawa mbili.

Paa hilo ni rangi ya tabaka moja: hakuna klia (varnishi angavu isiyo na rangi) juu, rangi yenyewe ndiyo inayong'aa. Toyota nyingi za miaka ya 90 zenye rangi bapa, yaani nyeupe, nyeusi au nyekundu isiyo na chembe za metali, zilitoka kiwandani hivyo. Jua linavunja ile gundi inayoshikilia chembe za rangi, chembe zinabaki juu bila kishikio, na huo ndio unga unaokuja na kidole. Habari njema ni kwamba chini ya ngozi iliyokufa mara nyingi kuna rangi nzima.

Boneti inaonekana ilishapulizwa upya na mtu, safari hii kwa matabaka mawili: rangi isiyong'aa chini, klia juu. Mabaka meupe ni mahali klia imeachana na rangi na hewa imeingia katikati. Hapo polishi haina kazi. Ukisugua, unaongeza tu ukubwa wa baka.

Ila usiniamini kwa maneno. Chukua kitambaa cheupe, weka kampaundi (dawa ya kukwangulia rangi iliyochoka) ukubwa wa punje ya mahindi, sugua mahali pa kujificha. Kitambaa kikiwa chekundu, ni tabaka moja. Kikibaki cheupe, ni klia. Pima kila kipande peke yake: paa, boneti, buti, kila mlango, kila fenda. Gari la umri huo hubeba rangi za mafundi tofauti, na kipimo cha mlango mmoja hakikwambii kitu kuhusu wa pili.

Bwana_Chap
Mnamchosha bure. Mafuta ya taa kidogo kwenye tambara, futa paa, linang'aa kama limetoka melini.

MsasaWaMaji
Linang'aa mpaka kesho yake mchana. Mafuta yanajaza vitundu vya rangi iliyokauka, mwanga unarudi vizuri, basi unaona kama rangi imepona. Kisha yananasa vumbi na lile vumbi linakuwa msasa kila unapofuta. Dizeli ni hivyohivyo. Vile vya kung'arishia matairi vyenye silikoni ni vibaya zaidi: siku ukitaka kupuliza, rangi inakimbia na kuacha mashimo ya duara, yale mafundi wanayoita macho ya samaki, na silikoni haitoki kwa kufuta mara moja. Na kuna wanaofutia mafuta ya breki. Hayo yanalainisha rangi hadi inavimba. Yasifike kwenye gari hata kwa bahati mbaya.

PediYaSufi
Naongezea paa, maana hapo ndipo watu wanaharibu.

Fanya kivulini, bati likiwa baridi, kabla ya saa mbili asubuhi au jioni. Osha kwa sabuni ya vyombo. Kwa kawaida haifai kwa gari kwa sababu inaondoa nta, lakini leo ndicho unachotaka. Usitumie maji ya kisima yenye chumvi. Yakikauka yanaacha madoa utakayoyasugua badala ya rangi. Halafu pitisha udongo wa kusafishia rangi ukiwa na maji ya sabuni kila mahali. Kujua kama umetosha, vaa mfuko mwembamba wa plastiki mkononi na upapase: chembe ambazo ngozi haizihisi, plastiki inazionyesha. (Mifuko imekuwa adimu tangu marufuku ya 2019, ila ile plastiki nyembamba inayofunika pakiti ya sigara inafanya kazi ileile.)

Ziba kwa tepu ya karatasi kingo zote, mifereji ya paa, mipira ya vioo na plastiki nyeusi. Kingo na mikunjo ndipo rangi ilipo nyembamba kuliko pote, na ndipo pedi inapokandamiza zaidi. Plastiki nyeusi ikinywa kampaundi inabaki na weupe usiotoka.

Anza na kipande cha sentimita 40 kwa 40, na anza na kilicho laini: polishi ya kati na pedi ya sponji. Kikirudi kung'aa, usiende kwenye kali. Kikikataa, ndipo kampaundi kali na pedi ya sufi. Mashine ya mzunguko iwe kati ya mizunguko 1000 na 1500 kwa dakika, pedi ilale bapa, isisimame sehemu moja hata kidogo. Matone manne au matano yanatosha kipande kimoja. Pita mara nne hadi sita, nusu kwa urefu, nusu kwa upana. Weka kiganja kwenye bati: kikishindwa kutulia kwa joto, pumzika.

Pedi itakuwa nyekundu na hiyo ni kawaida, ndiyo ngozi iliyokufa. Lakini inajaa haraka sana kuliko kwenye klia. Usipoisugua kwa brashi kila baada ya kipande, unapaka uchafu wa kipande cha kwanza kwenye cha pili, kisha unadhani kampaundi ni mbovu.

Alama ya kusimama: rangi ikianza kuwa nyepesi kama inapitisha kitu chini, au ukiona kijivu au weupe wa praima (tabaka la chini ya rangi). Praima ikionekana umekwisha kutoboa na hakuna cha kurudisha ila kupuliza.

Ukimaliza, pita tena na polishi laini kwa sponji safi kuondoa mikwaruzo ya sufi. Kisha nta siku hiyohiyo, maana rangi ya tabaka moja iliyokwanguliwa ikiachwa wazi juani inaanza tena upya. Paka nyembamba, subiri ikauke, futa, rudia. Nta ya karnauba inapendeza, lakini kwa paa linalolala nje haidumu hata miezi miwili. Nta ya polima ni bora kwako. Rudia kila miezi mitatu.

Kwa paa na buti la gari hilo: kampaundi mililita 250, polishi laini mililita 250, pedi ya sufi moja, sponji mbili, tepu roli mbili, vitambaa vya maikrofaiba sita. Kitambaa kikianguka chini hakirudi kwenye gari.

HadinaTaratibu
Boneti sasa. Kwanza mpangilio: polishi fenda na paa KABLA ya kwenda kuchanganyiwa rangi. Kibati kwenye chumba cha injini kina namba ya rangi baada ya herufi C/TR (040 ni ile nyeupe maarufu, 202 nyeusi, 1C0 fedha, yako utaikuta hapo). Namba hiyo inakupa rangi ya 1998, na gari lako si la 1998 tena. Mchanganyaji aanze na namba, kisha alinganishe kwa macho na fenda iliyokwisha polishiwa, nje kwenye mwanga wa jua, si chini ya taa ya duka. Ukimpelekea fenda iliyopauka atakutengenezea rangi iliyopauka, na siku ukipolishi, boneti inakuwa ya gari lingine.

Pili, puliza boneti nzima hadi kingo. Kupuliza baka tu na kuishia katikati kunaacha duara, na klia ya zamani inayozunguka baka tayari imechoka, itafuata.

Ondoa klia yote iliyolegea kwa msasa wa P320, mkavu, ukitumia kibao na si vidole. Pitisha kucha pale klia ilipoishia. Kucha ikikwama, ngazi hiyo utaiona kama ramani chini ya rangi mpya baada ya wiki chache. Endelea hadi kucha ipite. Ukifika bati tupu, weka praima ya epoksi siku hiyohiyo. Upepo wa bahari unaanzisha kutu usiku mmoja. Juu yake praima ya 2K (ya kuchanganywa na hadina, yaani dawa ya kuigandisha) mara mbili au tatu, kisha msasa wa maji P600 kote. Safisha kwa dawa ya kuondoa nta na mafuta. Petroli isitumike, inaacha utando wake yenyewe.

Nyekundu ni mvivu wa kufunika. Praima ikiwa na mabaka ya kijivu na meupe utayaona hata baada ya mikono (mipako) minne, kwa hiyo praima iwe ya rangi moja sawasawa. Nusu lita ya rangi iliyokwisha changanywa inatosha boneti. Klia ya 2K nusu lita kwa hadina robo lita kama kopo linasema 2:1. Baadhi ni 4:1, soma kopo, usikisie. Thina asilimia 5 hadi 10. Mikono miwili ya klia, ukiacha dakika 10 hadi 15 kati yake.

Kwa joto la Dar chukua hadina na thina za taratibu. Za haraka zinakauka hewani kabla ya kutua na boneti inakuwa na ngozi ya chungwa. Ukijaribu kufidia kwa kumwaga nene, juu panajifunga kabla thina haijatoka na unapata vijipovu. Toa maji kwenye tangi la kompresa kabla ya kuanza.

Barakoa ya kitambaa si kinga. Hadina ya 2K ina isosianeti, kemikali inayoweza kukuachia pumu ya kudumu. Barakoa ya hewa safi ndiyo sahihi. Angalau ile ya mpira yenye vichujio vya mvuke ambavyo havijaisha muda, pamoja na miwani na glavu. Huna? Mwachie fundi mwenye navyo.

Kigamboni110
Asanteni. Nimepima: paa, buti na milango yote, kitambaa chekundu. Boneti na fenda ya kushoto, cheupe. Hiyo fenda haijabanduka, imefifia tu. Naruhusiwa kuipolishi? Na klia ya kopo la kupuliza la dukani haifai kwa boneti?

PediYaSufi
Fenda polishi, lakini kwa sponji na polishi laini tu, weka sufi kando. Vizuia jua vimo ndani ya klia yenyewe. Kila mikroni unayokwangua unapunguza kinga. Ukiona kingo yoyote imeanza weupe, ruka hapo.

HadinaTaratibu
Kopo la kawaida halina hadina. Linang'aa siku ya kwanza, tone la petroli linalilainisha, jua linalimaliza mapema. Kuna makopo ya 2K yenye kitufe chini cha kufungulia hadina. Hayo yanafaa, ila ukishabonyeza una siku moja au mbili kabla hayajagandia ndani, na barakoa ni ileile. Boneti ikipulizwa usiipake nta kwa siku 30. Thina bado inatoka.

MsasaWaMaji
Na kifuniko cha turubai usikifunge juu ya gari lenye vumbi. Upepo unakitikisa usiku kucha na asubuhi unakuta umepigiwa msasa bure, hasa pembeni mwa boneti mpya. Kama kuna pa kuweka nguzo nne na makuti juu, hayo yanashinda turubai.