Naanza kufuma sweta za familia: ninunue uzi upi, na sindano zipi?

MgeniWaBaridi
Habari zenu wapendwa. Nimeamua kujifunza kufuma kwa mkono. Nataka sweta za nyumba nzima na kofia kabla baridi haijaingia. Dukani nimekuta uzi wa akriliki, wa pamba, na wa sufu ambao bei yake imesimama. Sindano nazo kuna za plastiki, za alumini, za mianzi, na zile mbili zilizoungwa kwa waya katikati. Muuzaji anasema zote nzuri. Kesho kutwa narudi na hela. Nichukue zipi?

FundiSindano
Karibu dada. Ila hujatuambia kitu. Uko wapi? Baridi ya Dar na ya Makete haziko sawa hata kidogo. Nyumba nzima ni watu wangapi, watoto wana umri gani? Umewahi kushika sindano hata shuleni kwenye sayansi kimu? Na hela yenyewe ni kiasi gani?

BintiTanga
Kwa watoto mimi ni pamba tu. Haiwashi, inafulika, na mtoto akitoka jasho inalinyonya. Wengine watakuja na mengi, lakini ngozi ya mtoto ndiyo ya kwanza.

MamaNyahururu
Pamba ni nzito dadangu, na ikivutika hairudi. Sweta la pamba baada ya miezi miwili linafika magotini. Chukua sufu. Unywele wa kondoo una mawimbi, na yale mawimbi ndiyo yanayoshika hewa yenye joto. Tena sufu inaweza kunyonya unyevu hadi karibu asilimia 30 ya uzito wake kabla hujahisi umelowa. Huku Nyandarua ukitoka alfajiri kwenda kukamua, ukungu umelala chini, utajua ninachosema.

MkeWaMwalimu
MamaNyahururu, nyie Kenya mna kondoo wa sufu. Kondoo wetu wengi huku Tanzania ni wa nyama, wale wa mkia mnene, manyoya yao hayafai kusokota uzi. Ndiyo maana sufu dukani ni ghali.

Na nani atakuwa anafua? Sufu ukiitia maji ya moto ukaifikicha, inagandana na kunywea. Sweta la baba linageuka la mwanawe, na halirudi tena. Kama nguo zinafuliwa na dada wa kazi pamoja na nyingine zote kwenye beseni moja, nunua akriliki. Ni laini, rangi ni nyingi. Usiipige pasi ya moto tu, itanyooka na kulegea moja kwa moja.

MamaNyahururu
Akriliki ni zao la mafuta ya petroli. Cheche ya jiko ikiruka, inayeyuka na kung'ang'ania mwilini. Sufu haishiki moto kirahisi. Kwa familia inayoota moto jioni na watoto wadogo, mimi siwezi kunyamaza hapo.

MgeniWaBaridi
Asanteni sana. Samahani, nilisahau. Tunahamia Njombe mwezi wa tano, mume wangu amepata uhamisho. Watoto wawili, mmoja ana miaka mitano, mdogo ana miezi minane. Sijawahi kufuma, mama alikuwa anafuma na ameniachia sindano zimeandikwa 8 na 10. Nifikirie kuanza na sweta la mdogo?

FundiSindano
Hela bado hujataja. Tuendelee.

Hizo sindano za mama ni za vipimo vya zamani vya Kiingereza, na hapo wengi wanapotea: namba ikiwa kubwa, sindano ni nyembamba. Namba 8 ni milimita 4, namba 10 ni milimita 3.25. Usiende kununua sindano mpya ya milimita 8 ukidhani ni ileile. Namba 8 inakufaa kabisa kwa uzi wa unene wa kati. Kwa kawaida utapata vitanzi 22 katika sentimita 10. Fuma kwanza kipande cha kujaribia, upime kwa rula. Ukipata 25 unakaza mno, chukua sindano nene kidogo.

Ya waya ichukue baadaye, ukifika sweta la mumeo. Uzito wote unalala mapajani badala ya kuning'inia kwenye viganja.

MkeWaMwalimu
Kuhusu kuanza na sweta la mdogo, naomba nikusimulie yangu, maana bado inaniuma.

Mwaka 2019 nilimfumia mwanangu wa kwanza sweta la kijani, miezi yake ilikuwa kama ya wako. Wiki tatu, kila usiku nikishamlaza. Mwili ukatoka vizuri, mikono ikatoka vizuri. Nilipofika shingoni nikaogopa litalegea, nikafunga vitanzi kwa kukaza kila kimoja, ukingo ukawa mgumu kama kamba. Asubuhi ya kwenda kliniki nikamvisha. Likakwama kwenye nyusi. Nikavuta, masikio yakakunjika, mtoto akawa mwekundu analia mpaka sauti inakatika. Kulishusha halishuki, kulipandisha halipandi. Nikachukua mkasi nikakata shingo. Mtoto akatoka, ila vitanzi vikaanza kuachia kimoja kimoja mbele ya macho yangu mpaka kifuani. Nilikaa kitandani nimemshika yeye na lile sweta, tukalia wote. Kliniki tulienda amefungwa kitenge.

Kichwa cha mtoto wa miezi minane kina mzunguko wa kama sentimita 44, kinazidi shingo kwa mbali. Kipime. Shingo ifunge kwa sindano nene kuliko uliyofumia, mkono uwe mwepesi. Au acha bega moja wazi kama sentimita 6 uweke vifungo viwili, uvishone kwa nguvu kwa sababu atavitafuna. Mimi sasa wadogo nawafumia la kufungua mbele tu. Na usimfumie la matundu matundu, vidole vinanasa.

BintiTanga
Pole sana mama. Ndiyo maana mimi nasema aanze na kroshia. Sindano moja yenye ndoano, kitanzi kimoja tu mkononi, ukiangusha hakuna kinachofumuka mpaka chini. Kufuma ndiko huko.

FundiSindano
Hapana, hiyo ni kroshia. Kufuma ni sindano mbili.

BintiTanga
Kwetu Pwani ukisema "nimefuma" watu wanaelewa vitambaa vya makochi. Na vile hufumwa kwa kroshia. Mikeka tunasuka, kofia tunadarizi, vitambaa tunafuma.

Mzee wa Mikindani
Na samaki hufumwa kwa mkuki, ndilo neno lilelile. Msigombane.

FundiSindano
Sawa, neno ni lenu pia. Ila kwa sweta, kroshia inakula uzi mwingi zaidi na kitambaa kinakuwa kizito, hakivutiki. Aanze na kofia ya huyu wa miaka mitano: vitanzi 88 kwa sindano ya mama ya namba 8, ukingo wa vitanzi viwili vya mbele, viwili vya nyuma, ukirudia hivyo, gramu 50 za uzi zinatosha. Na asome karatasi ya bonge: namba ya rangi ifanane kwa mabonge yote, vinginevyo mkono mmoja utakuwa na bluu yake.

MamaNyahururu
Kuna njia ya sufu kwa bei ndogo. Nunua sweta la mtumba ulifumue. Ligeuze ndani uangalie mishono ya pembeni. Kama kingo zimekatwa na kupigwa ovaloki, liache, kila mstari utatoka kipande kifupi. Kama kingo ni nzima na zimeungwa kwa uzi mmoja, unakata ule mshono na linafumuka lote. Uzi utatoka umejikunja. Uzungushie mgongo wa kiti, ufunge sehemu nne, uoshe kwa maji ya vuguvugu, uning'inize na chupa ya maji chini yake.

MgeniWaBaridi
Hii ya mtumba sikuwahi kuiwaza! Kuna sweta la kijivu la baba yao, lebo inasema sufu tupu. Nimeligeuza sasa hivi, kingo naona nzima. Ila analipenda.

MkeWaMwalimu
Muulize kwanza.

BintiTanga
Jamani, kuna yeyote anapita Kariakoo Jumamosi? Natafuta vifungo vya mbao vidogo, vya matundu mawili, huku nimevikosa kabisa.