Kumtafuta mhamiaji wa Kinorwei: tuanze na sensa, vitabu vya kanisa au orodha za polisi?

MamaAmani
Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu. Mimi ni Mtanzania ninayeishi Minnesota, na mume wangu ni Mmarekani mwenye asili ya Norwei. Upande wangu watoto wanaweza kutaja ukoo hadi vizazi sita. Upande wa baba yao tunakwama kwa babu wa babu yake, mkulima wa Kaunti ya Goodhue aliyeitwa Ole, mwana wa Lars. Sensa ya Marekani ya 1900 inasema alizaliwa Norwei mwezi Machi 1846 na akaingia nchini 1868. Kijiji hakikutajwa.

Nina njia tatu mbele yangu. Ya kwanza ni kuingia moja kwa moja kwenye Digitalarkivet, tovuti ya hifadhi ya taifa ya Norwei, ambako sensa na vitabu vya kanisa husomwa bure. Ya pili ni vitabu vya sharika za Kilutheri za huku Marekani. Ya tatu ni orodha za wahamiaji zilizoandikwa na polisi bandarini kabla ya watu kupanda meli. Ninafanya kazi usiku na muda wangu ni mdogo. Baba mkwe amezeeka, natamani apate jibu akiwa hai. Mngeanzia wapi?

MzeeWaMakabrasha
Marahaba binti. Anzia usharikani, na nakusihi usivuke bahari kwanza.

Sensa za Marekani zinafaa kumpanga mtu kwenye familia yake. Kuanzia 1850 kila mtu huru wa nyumba anaandikwa kwa jina, na ile ya 1900 inakupa mwezi wa kuzaliwa na mwaka wa kuingia, kama ulivyoona. Lakini safu ya mahali pa kuzaliwa huishia kwenye nchi. Karani aliandika "Norway" akaenda nyumba inayofuata. Sensa ya 1890 nayo usiitegemee, karibu yote iliangamia baada ya moto wa 1921 kule Washington.

Mchungaji wa Kinorwei kule Wisconsin au Minnesota alikuwa mtu wa namna nyingine. Alirithi desturi ya vitabu vya kwao, na mara nyingi alipombatiza mtoto, kumzika mzee au kumpokea mshiriki mpya aliandika pia usharika aliotoka Norwei, pengine na shamba. Tafuta ubatizo wa watoto wote wa Ole, usimtafute Ole peke yake. Soma na majina ya wasimamizi wa ubatizo, maana wengi walikuwa ndugu au majirani wa kule kule nyumbani.

Kilembwe_wa_Pwani
Mzee, kwa heshima, napingana nawe. Huyu dada ana muda mdogo, na sensa ya Norwei ya 1865 imeshanakiliwa, unatafuta kwa jina na umri ukiwa umekaa kitandani. Ilihesabu watu tarehe 31 Desemba 1865. Ole aliondoka 1868, kwa hiyo lazima yumo, na safu yake ya mahali pa kuzaliwa hutaja usharika.

Dada, zingatia jambo moja: umri wa 1865 unahesabu na mwaka unaoendelea. Aliyezaliwa Machi 1846 alikuwa ametimiza miaka 19, lakini mtafute kwenye 20. Sensa ya 1875 imeandika mwaka wa kuzaliwa, ila wakati huo mtu wako alikuwa ameshaondoka. Inaweza kukusaidia kwa wazazi na ndugu waliobaki.

MzeeWaMakabrasha
Ukikuta akina Ole kumi wa umri huo, wote wana wa Lars, utamchagua yupi? Kijana wa miaka 19 huenda alikuwa mtumishi kwenye shamba la watu, mbali na wazazi wake. Nimeona miti ya ukoo mtandaoni iliyojengwa juu ya Ole asiye wao, na vitukuu wananakiliana kosa lile lile. Inaniuma.

Tumaini_Oslo
Naishi huku Norwei, naomba nianze na majina, kwa sababu mkikosea hapo hakuna njia kati ya hizo tatu itakayowafikisha.

Vijijini katika karne ya 19 mtu alikuwa na jina lake, jina la baba yake, kisha jina la shamba alikoishi. Mwana wa Lars ni Larsen, binti wa Lars ni Larsdatter, na binti hakubadili jina alipoolewa. Jina la shamba lilikuwa kama anwani: mtu akihamia shamba lingine, jina linahama pia. Sheria ya kumtaka kila familia iwe na jina moja la ukoo ilikuja 1923, wakati wahamiaji wengi walikuwa wameshaondoka.

Walipofika Marekani kila mmoja alichagua kwa njia yake. Knute Nelson, aliyekuja kuwa gavana wa Minnesota, alizaliwa Evanger karibu na Voss mwaka 1843, na jina Nelson lilitokana na baba wa kambo aliyeitwa Nils. Ukimtafuta kule Norwei kwa jina hilo humpati. Mwanauchumi Thorstein Veblen alizaliwa Wisconsin 1857. Baba yake alikuwa mwana wa Anders, lakini familia ilishika jina la shamba lao, Veblen, lililokuwa katika wilaya ya Valdres huku Norwei. Kwa hiyo dada, usiseme tu "jina la ukoo ni hili". Kusanya kila jina ambalo Ole, mkewe na ndugu zake waliwahi kulitumia.

Kilembwe_wa_Pwani
Nakubali hapo. Kuhusu orodha za polisi, tazama miaka kwanza. Za Kristiania, yaani Oslo ya leo, zinaanza 1867, na za Trondheim vilevile. Bergen ni kuanzia 1874, na za Stavanger zilizobaki ni za kuanzia 1903. Kama Ole alipitia Kristiania mwaka 1868 una bahati: utaona makazi yake ya mwisho, umri na alikokuwa anaelekea. Kama alipitia Bergen, orodha haipo. Tena wengi wa miaka ile walishukia Quebec, Kanada, na orodha za abiria za kule zinapatikana kuanzia 1865, hivyo kutokumwona New York kusikuvunje moyo.

Tumaini_Oslo
Kuna orodha nyingine ambayo watu huisahau, nayo imo ndani ya kitabu cha kanisa chenyewe: waliohama usharika. Walutheri wa nyumbani tunaijua habari hii, ukihama unachukua barua kwa mchungaji. Huku mchungaji aliandika jina, mara nyingi na tarehe ya kuzaliwa, kisha mahali aendako, na kwa maelfu ya vijana neno ni "Amerika". Si wote walioaga, ila ukimpata humo kazi karibu imekwisha.

Ukishajua usharika, fungua kipaimara kabla ya ubatizo. Kipaimara kilikuwa lazima kisheria tangu 1736, na kwa kizazi cha Ole ukurasa huo una wazazi, shamba, tarehe ya kuzaliwa na hata habari ya chanjo ya ndui. Kwangu mimi hakuna ukurasa wenye habari nyingi kuuzidi. Ukikuta kitabu cha mchungaji kimefifia au kimepotea, tafuta nakala ya mhudumu wa kanisa, klokkerbok, iliyoanza kuandikwa tangu 1812.

Wanjiku_Seattle
Niongeze habari ya pesa. Sehemu ya Norwei ni bure, na tovuti ya nasaba ya FamilySearch pia ni bure. Vitabu vya sharika za Kilutheri za Marekani vingi viko Ancestry, tovuti nyingine ya nasaba, ambako hulipiwa, lakini uliza maktaba ya umma iliyo karibu nawe. Maktaba nyingi zina akaunti ambayo msomaji anaitumia humo ndani bila malipo. Kuna pia kituo cha nasaba za Wanorwei wa Marekani kule Madison, Wisconsin, chenye maktaba ya Naeseth. Hiyo ndiyo kazi yao.

Na vile vitabu vya historia ya mashamba, bygdebok, mnavionaje?

MzeeWaMakabrasha
Ni hazina, shamba kwa shamba na familia kwa familia. Ila aliyekiandika naye alisoma vitabu vya kanisa na anaweza kukosea, kwa hiyo rudi kwenye chanzo. Familia za wapangaji waliokaa vibandani kwenye ardhi ya wengine huandikwa kwa ufupi zaidi, na hao ndio wengi waliohama.

MamaAmani
Nimerudi. Nilifuata ushauri wa Mzee, nikaenda maktaba. Ubatizo wa mtoto wa tatu wa Ole, 1876, una neno moja pembeni ya jina la baba: Vang. Wasimamizi wawili wa ubatizo wameandikiwa Valdres. Nililia pale pale mezani. Sasa nianze kutafuta kipaimara?

Tumaini_Oslo
Hongera sana, dada! Subiri kidogo lakini. Kuna Vang ya Valdres na kuna Vang nyingine ya Hedmark, karibu na Hamar. Wasimamizi wanaelekeza Valdres, na huenda Ole alipitia Kristiania, kwa hiyo orodha ya polisi ya 1868 inakufaa sasa. Itazame kwanza ukiwa na makazi hayo mkononi.

Kisha soma vipaimara vya 1860 hadi 1862 katika Vang zote mbili, hata kama moyo umeshachagua. Mwandiko ni wa Kigothi, yaani herufi za zamani, anza na tarakimu ndipo uingie kwenye majina. Unamtafuta Ole mwana wa Lars aliyezaliwa Machi 1846. Ukimwona, chukua jina la shamba urudi nalo kwenye sensa ya 1865, wazazi na ndugu zake utawakuta hapo. Ukurasa ukikushinda kusoma, weka picha yake hapa nami nitausoma.