Solo ya Baraka

Jumatano jioni

Mama Baraka: Habari za jioni wapendwa. Naomba msaada, hasa wako shemeji. Mwalimu wa bendi anataka Baraka achague solo ya tarumbeta ya mashindano, na jina limfikie Ijumaa. Mwanao kang'ang'ania wimbo wa Haydn. Mimi sijui hata niseme nini.

Baba Baraka: Ni ule anaoupiga chumbani kila siku. Nyumba nzima tumeukariri.

Shangazi: Haydn si ndiyo ile kubwa yenyewe? Mwacheni apige wifi, majaji wamjue ni nani!

Baba Mdogo: Mama shikamoo. Jioni njema wote. Baraka upo? Haydn sehemu ipi? Ile konseto yake, wimbo mrefu wa tarumbeta na okestra, ina sehemu tatu.

Bibi: Marahaba mwanangu.

Baraka: Shikamoo baba mdogo. Sehemu ya kwanza. Ya tatu naipenda zaidi ila mwalimu alisema ya tatu niisahau kwa sasa

Baba Mdogo: Marahaba. Mashindano yanakupa dakika ngapi? Na kuna orodha ya solo zinazoruhusiwa?

Baraka: Dakika sita. Orodha ipo, Haydn yumo, nimeangalia

Baba Mdogo: Umefanya la maana. Kuna watoto wanaandaa kitu miezi, kisha wanaambiwa hakimo kwenye orodha. Sasa nirekodie. Anza mwanzo, ukikosea usisimame, endelea mpaka midomo ikukatalie. Tuma hapa hapa.

Baraka: Leo tulikuwa na mazoezi ya bendi baba mdogo, midomo imechoka

Baba Mdogo: Ndiyo naitaka hiyo hiyo iliyochoka.

Baraka: 🎤 *voisi*

Shangazi: Mashallah! Jamani huyu mtoto!

Mama Baraka: 👏👏

Baba Mdogo: Nimesikiliza mara mbili, mara ya pili kwa spika za masikioni. Nipeni nafasi niandike vizuri.

Baba Mdogo: Baraka, mwanzo ni mzuri sana. Zile noti zinazopanda hatua kwa hatua huko chini unaziimba kabisa, na hapo umeuelewa wimbo labda bila mwenyewe kujua. Haydn aliiandika konseto hii mwaka 1796 kwa ajili ya Anton Weidinger, mpiga tarumbeta wa Vienna aliyekuwa akitengeneza tarumbeta yenye matundu na vifuniko. Tarumbeta nyingine za wakati huo hazikuwa na matundu hayo, wala vali, vile vibonyezo vya leo, ikawa chini huko inaruka noti, haiwezi kupanda ngazi moja moja. Haydn akaanza makusudi na kitu ambacho tarumbeta ya kawaida ya wakati ule ilikuwa haikiwezi. Kwa hiyo mwanzo ule ukiupiga kwa sauti nzuri umeshasema jambo kubwa.

Baba Mdogo: Tatizo linaanza katikati. Ukifika noti ya A, ile iliyo juu ya mistari mitano ya karatasi ya muziki, sauti inakonda na inapanda kidogo kuliko piano itakavyokuwa. Hapo unaisukuma tarumbeta midomoni. Ukiibana midomo hivyo damu haipiti vizuri, nyama inakufa ganzi, haitetemeki tena, na sauti yote ya tarumbeta ni huo mtetemo. Kisha sikiliza baada ya hapo: unavuta pumzi katikati ya sentensi, na hata noti za chini ulizozipiga vizuri mwanzoni zinarudi zikiwa na upepo ndani yake. Dakika ya mwisho unapambana kufika tu.

Baraka: Lakini bado kuna wiki kadhaa, nitafanya mazoezi

Baraka: Na Wynton Marsalis alipiga Haydn na okestra akiwa na miaka 14!! Mimi nina 16

Baba Mdogo: Ni kweli kabisa, aliipiga na okestra ya New Orleans akiwa na miaka hiyo, na alipofika 21 akairekodi. Nafurahi unamsikiliza. Ila miaka si kigezo mwanangu. Midomo yako ya mwezi huu na wa mashindano ndiyo kigezo. Misuli ya midomo hujengeka polepole, na ukiilazimisha inajifunza kubana. Tabia hiyo kuiondoa baadaye ni kazi ya miaka.

Shangazi: Mdogo wangu usimvunje moyo mtoto. Majaji wakiona kapanga kitu kigumu si wanampa alama za uthubutu?

Baba Mdogo: Dada, nimekaa meza ya majaji. Jaji ana karatasi yenye vipengele: sauti, usahihi wa noti, mdundo, ulinganifu na piano, tafsiri ya muziki. Ugumu wa wimbo mara nyingi umeshahesabiwa kwenye daraja aliloingia. Mtoto akipiga kitu kikubwa nusu nusu, kila kipengele kinashuka pamoja. Akipiga cha kadiri kwa sauti iliyojaa mpaka noti ya mwisho, jaji anaweka kalamu chini anasikiliza.

Dada Neema: Shikamoo mjomba. Mimi ndiye nitakayempigia piano Baraka kwa hiyo nina la kusema 🙋🏾‍♀️

Baba Mdogo: Marahaba Neema, karibu. Nilikuwa nakusubiri.

Dada Neema: Piano ya Haydn ni okestra nzima imekandamizwa kwenye mikono miwili. Naiweza. Lakini ile konseto ina sehemu ndefu okestra inapiga peke yake, kuanzia utangulizi. Kwa dakika sita lazima nizikate. Nikizikata, Baraka hapumziki.

Baba Mdogo: Umesema jambo ambalo wazazi na hata walimu hulisahau. Baraka umelisikia? Kwenye rekodi unayoipenda mpiga tarumbeta anashusha chombo, midomo inapata damu, anarudi mpya. Kwenye mashindano mapumziko yale yanafutwa. Na wengi wa wakubwa huipiga kwa tarumbeta ya E-flat, ambayo ni fupi zaidi, wewe una ya B-flat, ile ya kawaida. Ukiisikiliza rekodi, tambua kwamba wao wana chombo kingine mkononi.

Baraka: Kwa hiyo hapana

Baba Mdogo: Kwa hiyo si sasa. Haydn haondoki. Endelea naye nyumbani, sentensi moja moja, bila haraka. Kwa mashindano nataka tuangalie mengine mawili.

Baba Baraka: Hayo mengine yasiwe ya kitoto, maana tutamkosa.

Baba Mdogo: Kaka, hayatakuwa ya kitoto hata kidogo.

Baba Mdogo: La kwanza: Haydn huyo huyo, sehemu ya pili, Andante, yaani ya mwendo wa taratibu. Ni fupi, inaimba mwanzo mwisho, na njiani inapita kwenye funguo za mbali, yaani ngazi za noti zisizofanana na ile ya mwanzo, ambazo zitakuonyesha kama masikio yako yako macho.

Baba Mdogo: La pili: Andante et Allegro ya Guy Ropartz, Mfaransa. Wafaransa wana urithi mkubwa hapa. Chuo cha muziki cha Paris kilikuwa na mtihani kila mwaka, na watunzi wakaombwa waandike solo za mtihani. Wakazoea kuandika hivi: mwanzo polepole ili sauti isikike, baadaye haraka ili vidole na ulimi vionekane. Solo nyingi nzuri za sekondari zimefuata mtindo huo, za Balay, za Barat na wengine. Ya Ropartz jina lenyewe linakuambia yaliyomo: Andante ni taratibu, Allegro ni haraka.

Dada Neema: Na Ropartz iliandikwa kwa koneti na piano tangu mwanzo. Hakuna okestra ya kubana. Sote wawili tunazungumza humo.

Shangazi: Koneti ndiyo nini tena?

Baba Mdogo: Ndugu wa tarumbeta, dada, mirija yake imekunjwa zaidi na sauti yake ni laini. Wapiga tarumbeta tunaazima nyimbo zake bila wasiwasi.

Baraka: Rafiki yangu anapiga Carnival of Venice ya Arban. Ile ya noti nyingi. Mimi nitasimama baada yake na kitu cha polepole??

Baba Mdogo: Ile inahitaji ulimi unaogonga mara mbili na mara tatu, tu-ku-tu-ku, tu-tu-ku. Wewe tu-ku umeanza mwaka huu. Rafiki yako kama anao ulimi huo, apige, ni haki yake. Wewe una kitu ambacho sikumfundisha mtu nikafanikiwa kirahisi: noti yako ndefu ina rangi. Ile G ya mstari wa pili kwenye voisi, nimeirudia. Nataka watu waisikie hiyo. Solo yoyote isiyokuachia nafasi ya kuishika noti kama ile inakuficha.

Bibi: Mjukuu wangu mimi sijui Haydn. Ile unayopiga taratibu asubuhi kabla ya shule ndiyo huwa naacha kazi naisikiliza.

Mama Baraka: Hizo ni noti ndefu za kupasha midomo mama, si wimbo 😊

Bibi: Basi apige hizo.

Baba Mdogo: Mama amemaliza kila kitu.

Baba Mdogo: Baraka, usinijibu usiku huu. Ropartz iko kwenye kabati la bendi? Kesho baada ya mazoezi ya bendi, ukiwa umechoka, pitia Andante ya Haydn, pumzika muda ule ule uliopiga, kisha pitia Ropartz. Usitafute ukamilifu, soma tu. Jiulize mawili. Noti ya juu kuliko zote humo, unayo nyingine juu yake umeiweka akiba? Na ukimaliza, una hamu ya kurudia au unataka kukiweka chombo kwenye kasha?

Baraka: Sawa baba mdogo

Alhamisi jioni

Baraka: Nimepiga zote mbili

Mama Baraka: Na hakula kwanza.

Baraka: Andante ya Haydn ni nzuri sana ila nikaona inaisha na mimi bado nina kitu cha kusema. Ropartz mwanzo wake nimeupenda papo hapo. Allegro nimekosea kosea lakini niliona naiweza. Nilifika mwisho midomo ikiwa hai. Nikarudia

Baba Mdogo: Ulirudia bila kuambiwa?

Baraka: Mara mbili

Baba Mdogo: Tuma kipande cha Andante ya Ropartz tu.

Baraka: 🎤 *voisi*

Baba Mdogo: Hii ndiyo sauti yako. Umesikia ulivyofika juu bila kuikaba? Pumzi imetoka chini, bega halijapanda. Kitu kimoja: noti za mwisho wa sentensi unaziachia mapema, kana kwamba umeshafikiria inayofuata. Zishike mpaka thamani yake iishe. Zifunge kwa pumzi, usizikate kwa ulimi.

Shangazi: Nakubali yaishe. Hii imenigusa kuliko ile ya jana, na siyo kwa sababu ni mtoto wetu.

Baba Baraka: Mimi pia. Jana nilikuwa nashika roho nikisubiri atakosea wapi.

Baraka: Basi Ropartz. Namwandikia mwalimu sasa hivi

Baba Mdogo: Mwulize mambo mawili. Kama daraja lako linairuhusu, na kama majaji wanataka nakala halisi, maana mashindano mengi hayapokei fotokopi. Shemeji, tununue nakala mapema, moja ya jaji na moja ya kwake. Ya jaji aandike namba za vipimo, vile visehemu vya muziki kati ya mistari ya wima, kwa penseli tangu mwanzo mpaka mwisho.

Mama Baraka: Nimeandika. Asante sana shemeji.

Dada Neema: Baraka kasi ya Allegro ni ngapi? Nisije nikajizoeza kasi yangu tukagombana

Baraka: Kwenye rekodi wanakimbia sana dada

Baba Mdogo: Achana na rekodi. Tafuta kipimo kigumu kuliko vyote kwenye Allegro. Kipige na metronomu, kile kifaa cha kugonga mdundo, shusha kasi mpaka kitoke safi mara tano mfululizo. Namba hiyo ndiyo kasi ya Allegro nzima kwa sasa, hata pale pepesi. Itapanda yenyewe.

Baraka: Nadhani nakijua ni kipi 😅

Dada Neema: Basi nitumie namba yake Jumapili, tukutane Jumatatu jioni. Tuanze na Andante.

Baraka: Mwalimu amejibu. Amesema ndiyo, daraja linaruhusu, na nakala iwe halisi