Naomba ushauri: kanga zangu za zamani zinapata ukungu

Habari zenu wadau, mimi niko Tanga na kitu ninachokipenda kuliko vyote ni kanga, nyingi nimerithi kwa bibi na zingine nimenunua mwenyewe Kariakoo na Mombasa pale Biashara Street, sasa nina doti kama 40 hivi na kati ya hizo zipo za chapa ya Mali ya Abdulla ambazo bibi hakuzikata hata pindo. Ninayoipenda zaidi jina lake ni "Wema hauozi", alinifunika nayo nilipojifungua mtoto wa kwanza.

Tatizo unyevu wa huku pwani jamani, nimefungua sanduku juzi nimekuta madoa ya ukungu kwenye mji (ile sehemu ya katikati) wa kanga mbili na harufu mbaya, roho imeniuma sana. Naogopa kuzifua kwa jiki maana rangi itaondoka, na nyekundu inachuja hata kwa maji matupu. Ndimu na chumvi kisha juani inasaidia kweli? Na mnazihifadhije, kwenye nailoni au shuka la pamba? Karafuu nimeweka, mende wamepungua ila ukungu bado. Naombeni msaada hasa kina mama wa Unguja na Lamu.