Ukoo wa Tanga: Hamisi na viza ya Thailand

Mama Hamisi: Asalaam aleikum nyote. Wifi Rehema, uko macho? Hamisi kapata kazi huko kwenu Thailand, huduma kwa wateja, dola 1,200 kwa mwezi, nauli wanalipa wao. Wakala anataka laki nane ya viza kabla ya Ijumaa.

Shangazi Rehema (Bangkok): Waaleikum salaam wifi. Usitume hata senti kwanza. Hamisi, viza gani hiyo?

Hamisi: Shikamoo shangazi. Ya utalii. Anasema nikishafika kampuni itanibadilishia iwe ya kazi.

Shangazi Rehema: Marahaba mwanangu. Na kazi yenyewe mji gani?

Hamisi: Mae Sot.

Shangazi Rehema: Ya Rabi.
Hamisi, Mae Sot iko mpakani. Ukivuka mto Moei uko Myawaddy, Myanmar, na huko ndiko kwenye yale majengo ya utapeli wa mtandaoni. Vijana wanaitwa "kazi Thailand", wanashushwa Bangkok, wanapakiwa gari usiku, wanavushwa. Pasipoti wananyang'anywa, wanalazimishwa kuwatapeli watu kwenye simu, na wakikataa wanapigwa. Februari 2025 serikali ya huku iliyakatia majengo hayo umeme, na vijana walipoanza kutolewa walikuwamo Waethiopia, Wakenya, Waganda, Warundi na Watanzania wenzetu.

Mama Hamisi: Inna lillahi

Mjomba Saidi (Hamburg): Poleni. Ila shemeji, viza ya utalii peke yake si dalili ya utapeli. Mimi 2025 sikuomba viza kabisa, nilipigwa muhuri wa siku 60 uwanja wa ndege.

Shangazi Rehema: Hiyo ni pasipoti yako ya Kijerumani shemeji. Sisi wa pasipoti ya Tanzania tunaomba kabla ya kupanda ndege. Siku hizi ni mtandaoni, na ubalozi wao unaotuhudumia uko Nairobi. Na kadi ya njano ya homa ya manjano uwe nayo mkononi.

Hamisi: Lakini shangazi, kwani haiwezekani kubadilisha ukiwa huko huko?

Shangazi Rehema: Inawezekana, sikufichi. Lakini makaratasi ni yale yale: usajili wa kampuni, barua ya ajira, kodi zake. Kampuni iliyo nayo itashindwaje kukupa sasa hivi uombe viza ya kazi ukiwa Tanga?
Mimi shule iliyoniajiri huku ilinitumia barua kwanza. Nikaomba viza ya kazi, ile wanayoiita Non-B, nikaingia na siku 90, ndani ya siku hizo shule ikanikatia kibali cha kazi, ndipo uhamiaji wa Chaeng Watthana wakaniongezea mwaka kwa baht 1,900, hela ya huku. Viza na kibali cha kazi ni vitu viwili, ofisi mbili. Ukiwa na kimoja bila kingine hujakamilika. Na ukiacha kazi, ruhusa ya kukaa inakwisha siku hiyo hiyo.

Baba Mdogo Idi: Kweli tupu. Kule Chanthaburi, huko huko Thailand, soko la vito linafunguliwa mwisho wa wiki, na huwa naona wenzetu wanajisahau mpaka muhuri unapitwa.

Shangazi Rehema: Na kupitisha siku za muhuri faini ni baht 500 kwa siku, mwisho 20,000. Ukijipeleka mwenyewe baada ya siku 90 kupita, hurudi mwaka mzima. Wakikukamata, hata kama hujafikisha mwaka, ni miaka mitano.
Hata mwenye viza ya mwaka kila siku 90 anaripoti anapoishi. Wanakubania kikaratasi ndani ya pasipoti chenye tarehe ya kurudi. Na ukitaka kuja Tanga kusalimia, ukatie kwanza kibali cha kurudi, baht 1,000. Ukitoka bila hicho mwaka wako umekufa pale pale mlangoni.

Binti Zuhura: Shangazi na mie ninayefanyia kazi kampuni ya Uholanzi kwa kompyuta?

Shangazi Rehema: Wewe kuna DTV, viza ya wanaofanyia kazi kampuni za nje kwa mtandao, ilianza Julai 2024. Miaka mitano, kila ukiingia siku 180. Ada baht 10,000, lakini uonyeshe akiba ya baht 500,000, zaidi ya milioni 35 za kwetu. Na usiguse kazi ya kampuni ya Thailand.

Mjomba Saidi: Na mzee wa miaka 63 mwenye pensheni yake?

Shangazi Rehema: Ya wastaafu inaanzia miaka 50. Baht 800,000 benki ya huku miezi miwili kabla ya kuomba, au kipato cha 65,000 kwa mwezi. Ukishapewa, hela zilale miezi mitatu mingine, kisha zisishuke chini ya 400,000. Kazi hairuhusiwi. Ile ya miaka kumi kwa wastaafu inataka dola 80,000 kwa mwaka, sisi tuiache.

Mama Hamisi: Turudini kwa mwanangu jamani.

Shangazi Rehema: Hamisi, mwandikie wakala sasa hivi. Unataka jina la kampuni, namba ya usajili, na barua ya kuombea Non-B. Basi.

Hamisi: Nimeandika.

Hamisi: Amejibu. "Hayo ya nini, wenzako kumi na wawili wanaondoka Jumamosi. Kama huna imani nampa mwingine."

Baba Mdogo Idi: Wenzake kumi na wawili!! Hamisi nitumie namba yake na jina analotumia. Asubuhi naenda nayo polisi, hao watoto wa watu wasipande ndege.

Mama Hamisi: Laki nane haitoki. Hamisi, pasipoti niletee chumbani.

Hamisi: Sawa mama.

Shangazi Rehema: Na mimi nitumie picha ya cheti chako cha chuo. Anza kufuatilia cheti cha tabia njema cha polisi, na ujiandikishe mtihani wa Kiingereza wa TOEIC, shule za huku huwa zinataka alama 600. Nitamuuliza mkuu wetu wa shule Jumatatu kama kuna nafasi ya kazi.